Mbwa Mkali wa Jirani Katika Nyumba ya Pamoja: Twahara, Haki ya Jirani na Njia ya Kuondosha Madhara

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahali zake, Masahaba wake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

SWALI (kwa muhtasari)

Tumeletewa suala na dada yetu mwenye asili ya Pemba, ambaye sasa anaishi Kaole, Bagamoyo, pamoja na mumewe, watoto na baba mkwe. Wamepanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji wanne. Uwani, choo, bomba la maji, kamba za kuanikia na mlango mkubwa ni vya wote. Mpangaji mmoja, ambaye si Muislamu, anafuga mbwa kwa ulinzi baada ya kuibiwa pikipiki. Mbwa hufunguliwa usiku na asubuhi huchelewa kufungwa. Ameshamrarua mtoto kanzu akielekea madrasa, na mzee ameacha kwenda msikitini sala ya alfajiri kwa khofu. Dada yetu anauliza:

1. Vipi hali ya nguo zetu, maji yetu na sala zetu katika uwa ambao mbwa anatembea?
2. Tuna haki gani kwa jirani huyu, na tuanzie wapi?
3. Mume wangu amechoka, anataka kumtilia mbwa sumu katika nyama. Je, inafaa?

JIBU

Tunamuomba Allah awaondoshee uzito huu na awalinde watoto wenu. Tunaanza na suala la tatu kwa kuwa halingojei: haifai kumtilia sumu mbwa huyo. Dalili na sababu tutazieleza hapa chini. Dada yetu, mzuie mumeo kwa upole mpaka amalize kusoma.

Mas-ala haya yana mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni najisi, na dawa yake ni maji na udongo. La pili ni madhara na khofu, na dawa yake ni haki ya jirani, suluhu, kisha sheria. La tatu ni uhai wa mnyama, nao una mipaka yake. Anayeyachanganya humchukia jirani kwa sababu ya najisi ambayo angeiosha kwa dakika tano, na huku akanyamazia khofu ambayo ana haki kamili ya kuondoshewa. Kinachowadhuru zaidi katika nyumba hiyo ni khofu kuliko najisi.

Kwanza: Najisi na twahara katika uwa wa pamoja

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wa watu wa pwani yetu na visiwani wanayoyafuata, mbwa ni najisi mwili wake wote, na najisi yake ni nzito (mughalladha). Kilichoguswa na mate yake au unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Asili yake ni Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu chombo alichokinywea mbwa, kutajwa kwa udongo kumo katika mapokezi ya Muslim. Imam Malik anaona mbwa ni twahara, na kuosha chombo mara saba ni amri ya ibada tu. Mahanafi wanaona mate yake ndiyo najisi, si mwili wake.

Katika maisha ya kila siku ya uwani, hukumu zinakuwa hivi:

*Mbwa mkavu akigusa nguo kavu.* Hakuna najisi iliyohamia. Kikavu hakinajisishi kikavu. Mtoto aliyepitwa na mbwa mkavu hahitaji kuvuliwa kanzu.

*Mbwa akigusa nguo mbichi kwenye kamba, au akailamba.* Osheni sehemu iliyoguswa mara saba, moja kwa udongo. Si lazima kufua nguo yote ikiwa sehemu yenyewe inajulikana.

*Mbwa akinywa kwenye ndoo au beseni.* Maji yamwagwe, na chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Ama maji yaliyofikia kula mbili (qullatayn), yaani lita 200 na kidogo kwa makadirio ya wengi, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kwa hiyo simtanki la lita 500 lenye maji ya kutosha halina tatizo. Pipa la lita 200 liko mpakani, basi tahadhari ni kulihesabu kuwa chini ya kiwango. Jambo jepesi kuliko yote ni kufunika vyombo vyenu.

*Sakafu ya uwani.* Mahali mlipoona kwa yakini mate au nyayo mbichi, paosheni kama tulivyotaja. Mahali msipoona kitu, hukumu yake ni twahara. Kanuni ya mafakihi ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Msipekue kila pembe. Tandikeni msala au mkeka ndani, msali, na sala yenu ni sahihi.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini, na wala watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa sababu hiyo. Wanavyuoni wa Kishafi wameifasiri kwamba hapakuonekana unyevu, na wa Kimaliki wakaichukua kuwa ni dalili ya twahara. Kwa tafsiri zote mbili, tunajifunza kwamba wasiwasi hauna nafasi. Na kwa familia inayoishi ndani ya mtihani huu kila siku bila ya njia ya kujiepusha, hapana ubaya kuchukua kauli ya Imam Malik katika yale yanayowapa uzito, mpaka Allah awafungulie.

Kuhusu malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, jambo ambalo limethibiti katika Bukhari na Muslim, linamhusu anayemfuga bila ya haja. Nyinyi hamkumfuga, wala vyumba vyenu si makazi yake. Msivunjike moyo.

Pili: Haki ya jirani, naye ni jirani hata kama si Muislamu

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, Allah ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali, na hakuweka sharti la dini. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza zaidi ya mara moja kama jirani yao Myahudi amepelekewa sehemu yake, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Bagamoyo si mgeni wa ujirani wa namna hii. Magofu ya Kaole yana msikiti unaonasibishwa na karne ya 13, na si mbali na hapo wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo chao mwaka 1868. Watu wa dini mbili wameishi na kuzikana katika mji huo kwa zaidi ya miaka 150.

Lakini haki ya jirani ina pande mbili. Mtume (s.a.w.) ameapa mara tatu kwamba hajaamini yule ambaye jirani yake hapati amani kutokana na shari zake. Imo katika Bukhari. Basi anayefuga mbwa, awe Muislamu au la, hana haki ya kuwafungia wenziwe ndani kwa khofu.

Je, kufuga mbwa wa ulinzi kunafaa? Hadithi sahihi zimemvua katika katazo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa shamba, na zikasema anayefuga kinyume cha hayo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu mbwa wa kulinda nyumba. Imam Nawawi ametaja kauli mbili katika madhehebu na akaipa nguvu ya kujuzu, kwa kuwa haja ni ile ile. Kwa hiyo hata angekuwa Muislamu, jirani yenu asingelaumiwa kwa kutaka ulinzi baada ya kuibiwa. Lawama yake ni kumwacha mbwa bila ya kumdhibiti.

Na hapa fiqhi ina neno la wazi. Katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Allah ametaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulayman (a.s.) juu ya mbuzi na kondoo wa watu walioingia usiku katika shamba la wengine. Mnyama hana dhambi, lakini mwenye mnyama anaulizwa. Mafakihi wa Kishafi wamesema kwamba mwenye mbwa anayejulikana kuwa anang'ata, akamwacha bila ya kumfunga akamdhuru mtu, analipa, kwa kuwa amezembea. Aliyeingia nyumba ya mtu bila ya idhini ndiye asiyelipwa. Sasa tazameni nyumba yenu: uwa ni wa wapangaji wote. Mtoto anayekwenda chooni na mzee anayetoka kwenda msikitini si wavamizi, kila mmoja yuko mahali pake kwa haki. Mbwa akimng'ata, gharama za matibabu ni juu ya mwenye mbwa.

Tatu: Kwa nini sumu haifai

Huenda mtu akasema: Mtume (s.a.w.) amemtaja mbwa anayeng'ata miongoni mwa wanyama watano wanaouliwa hata katika eneo la Haram. Ni kweli, na Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Na mbwa akikurukia au akimrukia mtoto wako, mzuie kwa kiasi cha haja, hata kama kumzuia kutasababisha kufa kwake. Hiyo ni kujilinda, na huna dhambi.

Ama kumtegea sumu akiwa ametulia, hilo ni jambo jengine, kwa sababu hizi:

- Sumu haichagui. Nyama itakayotupwa uwani inaweza kuliwa na paka, kuku au mtoto mdogo wa jirani yeyote, hata mtoto wako.
- Ni mauaji ya mateso, na tumeamrishwa ihsani hata tunapochinja. Mtume (s.a.w.) ametueleza juu ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na akasema kuwa katika kila kiumbe hai mna ujira.
- Ni khiyana kwa jirani. Atajua, au atashuku, na nyumba nzima itaingia fitna ambayo haitamalizika kwa kufa mbwa. Na kesho ataleta mwengine mkali zaidi.
- Ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inamwadhibu anayeua mnyama wa mtu kwa makusudi bila ya uhalali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Mtaingia kituo cha polisi mkiwa washitakiwa, na hali mlikuwa wenye haki.

Ikithibiti kwamba mbwa ni hatari na hadhibitiki, hukumu ya kumuondoa ni ya wenye mamlaka, nao ni bwana mifugo na viongozi wa eneo.

Nne: Njia ya kufuata, hatua kwa hatua

Katika Abu Daud imo Hadithi ya mtu aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) udhia wa jirani yake. Kwanza aliambiwa asubiri. Alipokuja tena mara ya pili au ya tatu, aliambiwa atoe vitu vyake avieke njiani. Watu wakapita, wakauliza, wakamlaumu jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja kumuomba arudi na akaahidi kuacha. Hapakuwa na pigo wala tusi. Tunajifunza mpangilio: subira na maneno kwanza, kisha jambo liwekwe mbele ya watu.

*1. Mwendeeni jirani.* Mume aende mwenyewe, wakati wa utulivu, mathalan baada ya Alasiri, si asubuhi ile mbwa alipomfukuza mtoto. Aanze kwa kumpa pole ya pikipiki yake, kwani hilo ndilo lililomleta mbwa. Kisha aombe mambo mahsusi, asiseme tu "mdhibiti mbwa wako":

- mbwa afungwe kwa mnyororo au bandani kabla ya adhana ya alfajiri, na abaki hivyo mpaka watu walale;
- banda liwe mbali na choo, bomba na kamba za nguo;
- aonyeshe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa;
- atie taa na kufuli madhubuti mlangoni, na wapangaji wote wachangie. Mkishiriki katika ulinzi wake, haja ya kumwachia mbwa itapungua.

*2. Mwenye nyumba.* Yeye ndiye aliyekupangisheni, na kustarehe kwenu katika mlichokilipia ni haki yenu. Mwambieni mbele ya wapangaji wengine, na mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni karatasi moja yenye saini.

*3. Wazee na viongozi.* Kwa Bara ni mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, na mtendaji. Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, ni sheha wa shehia yenu. Pelekeni tarehe na matukio, na mtoto apelekwe na kanzu yake iliyoraruliwa.

*4. Bwana mifugo.* Ofisi ya mifugo ya halmashauri ndiyo yenye utaalamu wa kumkagua mbwa, kuhakikisha chanjo na kutoa agizo.

*5. Polisi.* Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Bara kinamhusu anayepuuza kuchukua tahadhari juu ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye naye. Hii si hatua ya kuanzia, lakini mtu asiambiwe kuwa ni dhambi kuifikia. Kuomba haki kwa njia yake si uadui.

*6. Kuhama.* Ni ya mwisho, na ni halali yenu. Lakini asiyekuwa na kosa asilazimishwe kuhama kabla ya hatua hizo kufuatwa.

Nanyi pia mna wajibu. Wakatazeni watoto kumpiga mawe mbwa, kumchokoza akiwa amefungwa, au kumkimbia kwa mayowe. Mbwa anayechokozwa huzidi ukali. Wafundisheni wasimame kimya, mikono chini, bila ya kumkazia macho, kisha warudi nyuma polepole. Na mkiona mbwa amefungwa juani bila ya maji, msogezeeni maji. Kufanya hivyo hakunajisi mkono, na mna ujira.

Tano: Mbwa akimng'ata mtu

Sehemu hii kila familia iihifadhi, kwa kuwa ni uhai. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, takriban hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinazuilika.

Osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, na mmalize sindano zote kwa tarehe mtakazopewa. Msipake mafuta ya taa, pilipili, majani wala dawa ya kienyeji.

Na tunasisitiza: udongo wa kutwaharisha hautiwi katika jeraha. Tumesikia watu wakiuliza kuhusu hilo kwa kuchelea najisi. Sheria haikuamrisha mtu ajidhuru. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji, na kama daktari amezuia maji baada ya hapo, mtu atie udhu viungo vilivyo salama na atayamamu kwa ajili ya sehemu ya jeraha. Ngozi nzima iliyoguswa na mate na nguo ndizo zitakazooshwa mara saba, wakati wa nafasi. Na sindano ya chanjo haifunguzi kwa kauli ya wengi wa wanavyuoni wa zama hizi, basi mtu asiicheleweshe mpaka magharibi kwa sababu ya saumu.

Ndugu zetu wa Pemba wana mfano mbele yao. Kwa chanjo za mbwa za kisiwa kizima, maradhi haya yalitoweka Pemba mwaka 2014, yakaingia tena mwaka 2016, na yakatokomezwa tena mwaka 2018. Kwa hiyo mwito wa kuchanja mbwa unapotangazwa shehiani, asiyefuga mbwa asaidie pia, kwa kumhimiza jirani anayefuga. Mbwa aliyechanjwa ni amani ya mtaa mzima.

Kwa wanaoishi katika majumba ya ghorofa

Hukumu hizi ni hizo hizo kwa wakaazi wa Michenzani, Kilimani, Kikwajuni na majumba mengine ya fleti Unguja na Pemba. Ngazi, kibaraza na korido ni njia ya wote, na hapana mwenye haki ya kumfunga mbwa hapo hata kama mlango wa karibu ni wake. Mambo haya yaandikwe mapema katika makubaliano ya wakaazi kabla ya ugomvi kutokea.

Muhtasari

Najisi ioshwe pale ilipoonekana, na shaka iachwe. Jirani aendewe kwa wema na kwa madai mahsusi, kisha mwenye nyumba, viongozi, bwana mifugo na sheria. Mbwa asitegewe sumu. Aliyeng'atwa aoshwe kwa sabuni na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mzee asikose jamaa ya alfajiri kwa muda mrefu: mpaka jambo hili litengemae, mwanawe amsindikize na taa. Ikiwa khofu bado ipo, asali nyumbani, naye ana udhuru, na inatarajiwa ataandikiwa ujira wa nia yake.

Tunamuomba Allah awape majirani wema, nanyi muwe majirani wema, na azijaalie nyumba zetu kuwa za amani.

Wallahu a'lam.